Vigunduzi vya kaboni monoksidi: kigeuze utazame mgongoni kwanza

Ukiingia duka la vifaa vya umeme, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, ukaomba "kigunduzi cha gesi", muuzaji atakuletea kiboksi cheupe chenye matundu madogo na taa mbili tatu. Mara nyingi kiboksi hicho ni cha gesi ya kupikia, ile ya mtungi. Kaboni monoksidi hakiijui. Ukiomba alamu ya moshi utapewa kisahani cha kubandika darini, nacho hakiijui pia: mkaa uliokolea hautoi moshi wa kuonekana, na ndiyo sababu watu huthubutu kuuingiza chumbani. Siku hizi kuna na kijisaa cha mezani kinachopima hewa ukaa, CO2, ile tunayoitoa tukipumua. Unachotafuta wewe ni CO, yaani kaboni monoksidi, bila ile 2. Vifaa vyote hivi vinafanana sura, kwa hiyo sura isikuchukulie muda. Kigeuze usome nyuma.

CO hutoka popote moto unapowaka kwa hewa pungufu: jiko la mkaa, hita ya maji ya gesi isiyo na bomba la kutolea hewa chafu nje, jenereta iliyowekwa kwenye korido, gari linalonguruma katika gereji iliyoungana na nyumba. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hung'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ndiyo maana hata kiasi kidogo kikivutwa usiku kucha hujikusanya. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea; mtu anasema malaria. Ila malaria haiwashiki watu wote wa nyumba saa ileile, wala haipungui kwa kutoka nje barazani.

Mgongoni tafuta maandishi EN 50291-1. Hicho ni kiwango cha Ulaya cha vigunduzi vya CO vya nyumbani. EN 50291-2 ni cha magari ya kulala na boti. Cha Marekani ni UL 2034. Alama ya CE ikiwa peke yake isikutulize, maana mtengenezaji anaweza kuibandika mwenyewe. Yenye uzito ni alama ya maabara huru, kama Kitemark ya BSI, shirika la viwango la Uingereza, pamoja na namba yake. Kisha tafuta tarehe. Kifaa cha kweli kina tarehe ya kutengenezwa na mwaka wa kukitupa, mara nyingi karibu na neno "Replace by", na wengine huacha nafasi nyeupe uandike kwa kalamu siku uliyokiwasha. Kikikaa miaka minne kwenye rafu, ile miaka minne haijasimama. Kisicho na tarehe kabisa kirudishe, hata kama bei yake ni ya kutupa. Jarida la walaji la Uingereza, Which?, limewahi kupima zaidi ya mara moja vile visivyo na jina vinavyouzwa kwa bei chee mtandaoni, likakuta vingine vimekaa kimya ndani ya CO ambayo ilipaswa kuvifanya vilie.

Kiwango cha Ulaya na cha Marekani havifanani, na tofauti yake ni ya muhimu kwa anayeletewa kifaa na ndugu aliyeko ng'ambo. CO hupimwa kwa ppm, yaani sehemu ngapi katika milioni moja ya hewa. Kifaa cha EN 50291 kikikutana na ppm 50 lazima kilie kati ya dakika 60 na 90. Kwa ppm 100 ni kati ya dakika 10 na 40. Kwa ppm 300 ni ndani ya dakika 3. Kwa ppm 30 hakiruhusiwi kulia kabla ya saa mbili. Cha UL 2034 ni kizito zaidi kuamka: ppm 70 ndani ya saa 1 hadi 4, ppm 150 ndani ya dakika 10 hadi 50, ppm 400 ndani ya dakika 4 hadi 15. Ucheleweshaji huu umepangwa. Kifaa kinakadiria gesi iliyokwisha kuingia katika damu ya mtu, na hakitaki kuamsha nyumba nzima kwa sababu ya kibiriti.

Sasa linganisha na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hewa ya ndani, ambao kwa saa 8 ni miligramu 10 kwa mita ya ujazo, takribani ppm 9. Maana yake nyumba inaweza kukaa kwenye ppm 20 wiki nzima na kigunduzi kisitoe hata mlio. Mtu mzima mwenye afya huenda asihisi chochote. Mjamzito, mtoto mchanga, mgonjwa wa moyo au mwenye selimundu, hapo si mahali pake. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: nunua chenye kioo cha namba. Kisicho na namba kitakwambia tu pale mambo yalipokwisha kuharibika. Chenye namba kitakuonyesha 15, kesho 22, nawe utajua hita inaanza kuziba. Vifaa vya Marekani kwa kawaida havionyeshi chini ya 30 kwenye kioo, sababu nyingine ya kupenda vya EN.

Ndani kuna aina mbili za vihisi utakazokutana nazo. Kihisi cha kielektrokemia kina vielektrodi na kimiminika chenye asidi. CO ikifika hapo huzalisha mkondo mdogo wa umeme unaolingana na kiasi chake. Kinatumia umeme kidogo sana, ndiyo maana betri inakaa miaka. Cha oksidi ya metali lazima kipashwe moto, kinakula umeme, na huchanganya CO na mvuke wa pombe na gesi nyingine. Hiki cha pili ndicho hupatikana katika vile vya kuchomeka ukutani vinavyojigamba "tatu kwa kimoja": moshi, gesi ya kupikia na CO. Acha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, kigunduzi chake hukaa sentimita 30 hivi kutoka chini. CO ni nyepesi kidogo kuliko hewa na huchanganyika nayo chumba kizima. Kifaa kimoja hakiwezi kukaa pahali pawili. Kuna pia vile vikadi vyenye doa linalogeuka rangi. Doa halimwamshi aliyelala.

Kati ya vinavyoaminika, Kidde 7DCO kina kioo, kinakumbuka kiwango cha juu kilichopita, kihisi cha miaka 10, na kinatumia betri za AA za kubadilisha. Ei208D cha Ei Electronics ya Ireland na Honeywell XC100D vina kioo na betri ya lithiamu iliyofungiwa humohumo, miaka 10. Bei Uingereza kwa kundi hili huchezea pauni 20 hadi 40. Kwa nyumba nyingi tungechukua cha betri iliyofungiwa, na sababu ni ya kawaida mno: betri za AA huhamia kwenye rimoti. Ukiwa na 7DCO, weka alkalaini za kweli. Zile za kuchaji ni volti 1.2 na kifaa kinaweza kudai zimekwisha siku ileile. Nest Protect ya Google, kigunduzi cha moshi na CO, ilisitishwa kutengenezwa mwaka 2025, na zilizobaki madukani umri wake unahesabiwa tangu kiwandani, kwa hiyo usiilipie bei kamili.

Vya kuchomeka kwenye soketi vina shida zao. Umeme ukikatika ndipo jenereta na jiko la mkaa huwashwa, yaani kifaa hulala saa ileile hatari inapoamka, isipokuwa kiwe na betri ya akiba. Kidde KN-COPP-3 ya Marekani inayo, ya volti 9, ila yenyewe ni ya umeme wa volti 120. Ukiitia adapta ya pini tatu ukaichomeka kwenye 230 au 240 utaiunguza. Adapta hubadilisha pini tu, volti zinabaki zilezile.

Pa kukiweka ndipo wengi hukosea. Kama ni kimoja tu, kiende chumba cha kulala au mlangoni pa vyumba vya kulala, mahali ambapo mlio utamfikia aliyelala. Katika chumba cha kulala kiweke usawa wa kichwa cha aliye kitandani. Katika chumba chenye kifaa cha moto, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye moto huo: ukikisogeza karibu zaidi kitalia kila jiko linapowashwa, ukikipeleka mbali kitachelewa. Ukutani kiwe juu ya usawa wa milango na madirisha lakini sentimita 15 chini ya dari. Darini kiwe sentimita 30 kutoka ukuta wowote. Usikifiche nyuma ya pazia, ndani ya kabati, juu ya sinki, wala kando ya feni ya kutoa hewa.

Hita ya gesi ikiwa bafuni, kigunduzi kisiingie bafuni. Mvuke utakiharibu. Kiweke nje ya mlango, na hita yenyewe ihamishiwe nje ya nyumba, maana hapo hakuna kigunduzi kitakachokuokoa kwa dakika kumi za kuoga. Nyumba ya bati isiyo na dari ina tatizo jingine: mchana joto chini ya bati huvuka nyuzi 40, kiwango ambacho vingi vya vifaa hivi haviruhusiwi kukivuka. Shuka nacho ukutani.

Milio ya uongo si mingi kama inavyodaiwa. Chetezo cha udi kikiwekwa chumbani milango imefungwa, kigunduzi kitalia, na hakijakosea: udi umekaa juu ya kaa la moto, na kaa linatoa CO vilevile kama jiko. Fungua dirisha ufukize. Cha uongo kweli ni betri za sola za maji. Zikichajiwa hutoa hidrojeni, na kihisi cha kielektrokemia huinusa hidrojeni kama CO. Nyumba yenye betri hizo sebuleni itasikia mlio kila adhuhuri jua linapokuwa kali, hadi mtu akasirike aking'oe. Hamisha betri, chumba chenye hewa wazi, si kigunduzi. Rangi mbichi, spiriti na dawa za kupuliza mbu nazo husumbua. Kitoe chumbani siku ya kupaka rangi, kirudishe ikikauka.

"Pi" moja kila dakika ni betri au umri umefika mwisho, kitabu kitakwambia ipi. Mlio wa hatari ni mfululizo. Vya Marekani hupiga minne, hunyamaza sekunde tano, hurudia, wakati alamu ya moshi hupiga mitatu.

Kitufe cha TEST kibonyeze kila wiki, ila ujue kinachopima: betri, spika na saketi. Hakithibitishi kwamba kihisi kinanusa. Kuna makopo ya gesi ya majaribio kwa kazi hiyo, na usipolipata, chenye kioo kinajaribika uani. Washa jiko nje, mkaa ukishakolea weka kigunduzi juu ya kigoda hatua moja kutoka kwenye jiko hilo, upande ambao upepo unaelekea, kisipate joto la moja kwa moja. Subiri. Ile 0 inapaswa kugeuka kuwa namba ndani ya dakika chache, ipande, ishuke, ifuate upepo. Ikifika 100 kiondoe, kimeshajibu. Kikibaki kwenye 0 robo saa nzima huku umekigeuza huku na huku, rudi nacho dukani ungali na risiti.

Na kikilia usiku, watu kwanza. Fungua mlango na madirisha yaliyo njiani, toeni wote nje, hesabuni vichwa. Jiko na jenereta vishughulikie baadaye, maana aliyeinama kubeba jiko hudondoka hapohapo. Anayetapika, aliyechanganyikiwa au mjamzito aende hospitali hata kama amepata nafuu, na mseme wazi "kaboni monoksidi". Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni 98 kwa mtu aliyejaa CO, kwa sababu hakitofautishi himoglobini iliyobeba hii na iliyobeba ile. Kinachotakiwa ni kipimo cha damu, na oksijeni ianze bila kungoja majibu. Nyumba ikishapigwa upepo, kabla hamjabonyeza kitufe chochote cha kufuta, soma kwenye kioo kiwango cha juu kilichohifadhiwa, ukiandike pamoja na saa. Daktari atakiuliza, na fundi wa hita pia.