Kabla Hujanunua Spika za Bei Mbaya, Pima Chumba

Karibuni tena, watazamaji wangu. Hizi ndogo mkono wangu wa kushoto ni KEF LS50 Meta, toleo la mwaka 2020. Haya makabati mawili hapa sakafuni ni Klipsch Heresy IV. Mmeniandikia wengi sana mkiuliza zipi ni kali zaidi. Hilo swali sitalijibu hivyo, maana liliwahi kunitia hasara.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua spika za kusimama, ndefu, zinanifika kifuani. Dukani zilinguruma tamu, ukumbi mkubwa, zulia nene. Nimezifikisha nyumbani, chumba cha mita 4 kwa 3. Wimbo wa kwanza tu, gitaa la besi likagusa noti moja, chumba kizima kikavuma kama pipa tupu. Noti inayofuata, sauti hiyoo, imezama. Nikabadilisha nyaya. Nikaazima amplifaya nyingine. Wapi! Siku hiyo nikainuka kitini kwenda kufungua dirisha, na kila nikikaribia ukuta besi inajaa masikioni. Nikirudi katikati ya chumba inayeyuka. Ndipo nikajua mbovu si spika.

Hesabu yake ni nyepesi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kwenye chumba cha mita 4, wimbi la mita 8 linanaswa kati ya kuta mbili, linaenda na kurudi likijiongezea nguvu. Gawanya 343 kwa 8, unapata hezi 43 hivi, yaani mitetemo 43 kwa sekunde. Sasa uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne unapiga hezi 41. Yaani mpiga besi akishika uzi ule, anabonyeza kidonda cha chumba changu. Nilijaribu mpaka kuziba matundu ya hewa ya nyuma kwa soksi. Msinicheke, ilisaidia kidogo. Mwishowe niliziuza.

Basi tuje kwenye LS50 Meta. Twita yake, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, imekaa katikati ya koni kubwa, na nyuma yake kuna kisahani chenye vijia vya kuzungukazunguka kinachomeza sauti inayotoka upande wa nyuma, isije ikarudi kuchafua ile ya mbele. Ukimsikiliza mwimbaji, unamwona amesimama pale, katikati ya spika mbili, na unasikia anapovuta pumzi. Gonga boksi lake kwa kifundo cha kidole: tk, tk. Kavu, kama unagonga jiwe. Boksi la bei rahisi lingekujibu kama mlango. Besi yake inaanza kushuka kwenye hezi 79, na wengi wanalihesabu hilo kuwa udhaifu. Kwenye chumba kidogo ni neema, kwa sababu haliamshi sana lile jini la hezi 43.

Ila inakula umeme, jamani. Karatasi ya kiwanda inasema wati 1 kwa umbali wa mita 1 inatoa desibeli 85, ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti. Heresy IV inatajwa kuwa na 99. Usione tofauti ya 14 ukadhani ni ndogo: kila desibeli 3 zinadai nguvu mara mbili, kwa hiyo pale Heresy inapofika kwa wati 1, KEF inahitaji kama 25. Tena ukinzani wake kwa umeme umeandikwa omu 8, lakini kuna mahali unashuka hadi 3.5, na hapo amplifaya inavutwa zaidi. Amplifaya nyonge itatoka jasho. Heresy, kwa ile wufa yake (spika ya besi) ya inchi 12 na pembe mbili juu yake, yaani midomo mipana kama ya tarumbeta inayokuza sauti, utaiendesha kwa amplifaya ya valvu, zile za taa za kioo za kizamani, ya wati 8 na majirani waje kukugongea.

Na sauti yake? Ngoma ikipigwa unashtuka. Tarumbeta inakuja na mate yake. Kwa mwimbaji wa taratibu, mimi inanisogelea mno, kama mtu anayeongea huku amekushika kola. Hiyo ni ladha yangu, wewe huenda ukaipenda.

Ukienda kusikiliza, kitu kimoja nakusihi: sawazisha ukubwa wa sauti kwanza. Spika yenye sauti ya juu kidogo tu sikio litaipa ushindi, na muuzaji anajua. Pakua programu ya kupima desibeli kwenye simu, ishike pale kichwa chako kitakapokuwa, halafu cheza wimbo uleule unaoujua kwa moyo. Si ule wa dukani, huo wameuchagua wao.

Kuzipanga sitaki kurefusha. Wewe na spika mbili muwe pembetatu ya pande sawa, twita zilingane na masikio, halafu zisogeze mbele ya ukuta sentimita tano tano mpaka besi itulie. Mimi hizi ndogo zimetulia kwenye sentimita 70.

Kwa hiyo KEF zinabaki hapa hapa chumbani kwangu. Heresy anazichukua mdogo wangu, sebule yake ina mita 7 na amplifaya ya valvu anayo tayari. Jumamosi naenda kumsaidia kuzipanga, na kamera naibeba.