Darubini kwa mtu wa Mombasa: uliza kuvu kabla ya ukuzaji

Mwaka juzi nilinunua darubini ya macho mawili, ya kutazamia ndege, mjini kwa shilingi 6,500. Sandukuni imeandikwa inakuza kutoka mara 10 mpaka mara 180, na lenzi zake za mbele nyekundu kama punje za komamanga. Muuzaji alinitoa mpaka mlangoni nijaribu, nikaona antena za ghorofa la mbali, nikalipa. Kaskazi yote niliitumia bila taabu. Ilipokuja masika niliifungia kabatini kwenye mkoba wake wa ngozi, na nilipoitoa mvua zimekwisha kila nilichokitazama kilikuwa kama kimemwagiwa maziwa. Nikadhani macho yangu. Nilikwenda mpaka kwa daktari wa macho, akaniambia mama, macho yako ni mazima.

Usiku huo nikachukua tochi ya simu, nikaimulika kwenye lenzi kubwa na kuchungulia upande wa pili. Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyembamba zimetandaa kama utando wa buibui. Kuvu. Fundi niliyempelekea alinitajia bei ya kuifungua na kuisafisha iliyozidi bei niliyonunulia, na hakuweza kunihakikishia kwamba vioo vitarudi kukaa sawa.

Tangu hapo kila anayeniuliza anunue darubini gani humjibu kwa swali: imezibwa? Mara ngapi inakuza, rangi gani, uzito kiasi gani, hayo utaambiwa na kila mtu. Ukinunua iliyoandikwa 8x42, yaani inakuza mara nane na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42, umemaliza mjadala wote wa ukuzaji. Mkono wa binadamu hutetemeka. Ukipita mara 10 unatazama mtetemeko wako mwenyewe. Ile 180 ya sandukuni haipo.

Kuvu ndilo jambo ambalo vitabu vya Wazungu havilitaji sana, kwa sababu kwao hakuna joto lenye unyevu kama letu. Sisi tunaishi kisiwani. Asubuhi za masika shuka zinaamka na unyevu, chumvi inaganda, viatu vya ngozi vinaota ukungu ndani ya wiki mbili. Kuvu la lenzi linahitaji hewa yenye unyevu, giza, na chakula kidogo tu: vumbi, mafuta ya vidole, hata tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo. Likishaota hutoa asidi inayokula kioo. Ndiyo maana hata ukilifuta mapema alama inaweza kubaki.

Sasa linaingiaje? Darubini isiyozibwa hupumua. Angalia zile za umbo la zamani zenye mabega mapana: ukizungusha gurudumu la katikati, vile vipande vya kuwekea macho vinatoka na kuingia kama pampu ya baiskeli. Kila vikitoka vinavuta hewa ya Mombasa ndani. Zenye kijiti cha kubadilisha ukuzaji ni mbaya zaidi, maana kijiti chenyewe kinahitaji mwanya. Darubini iliyozibwa sawasawa ina mipira kwenye kila kiungo, lenzi inayosogea imo ndani, na hewa yake imetolewa ikajazwa nitrojeni kavu. Hapo kuvu halina maji ya kunywa.

Nenda basi dukani ukijua maneno ya kutafuta. Sandukuni au kwenye kijitabu patakuwa na neno la Kiingereza waterproof, pamoja na habari ya nitrojeni. Wakiandika weather resistant au water resistant, rudisha mezani. Hiyo inavumilia manyunyu tu.

Chaguo langu la kwanza, nasema wazi nalipendelea, ni Nikon Monarch M5 ya 8x42. Nina ya kwangu, shemeji yangu alinibebea kutoka Dubai, na imeshavuka masika mbili. Ina uzito wa gramu 630, imezibwa, imejazwa nitrojeni, na kampuni yenyewe inasema inastahimili maji ya kina cha mita moja kwa dakika 10. Vioo vyake vya ED, yaani vya kutawanya rangi kidogo, vinapunguza ule ukingo wa zambarau unaomzunguka ndege mweusi akiwa mbele ya anga jeupe, na anga letu la saa sita ni jeupe kweli. Kwa wavaaji miwani kama mimi, unazungusha vikombe vya macho vikashuka na bado unaona duara zima. Msishtuke mkisoma imetengenezwa China. Nyingi za Nikon za daraja hili hutoka huko.

Oktoba nilikwenda nayo Hori ya Mida, karibu na Watamu, maji yakiwa yanakupwa. Safari ya kabla ya hiyo nilikwenda na ile ya komamanga, wanangu wakaona vitone vyeupe tu. Mara hii tulimwona Dromas, yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, anayezaliana kwenye mashimo ya mchanga pwani za Uarabuni kisha anakuja kwetu kukaa msimu. Tuliona kaa akitikiswa mpaka miguu ikamwagika. Binti yangu wa miaka tisa alikataa kunirudishia darubini mpaka jua likachwa. Kwa ajili ya jambo hilo mimi naona pesa yake ni halali.

Ya pili, Nikon Prostaff P3 ya 8x42. Haina vioo vya ED, kwa hiyo ule ukingo wa zambarau utauona mara moja moja, lakini imezibwa na kujazwa nitrojeni vilevile, ni nyepesi kuliko M5, na eneo unaloliona ni pana zaidi. Kama bajeti haifiki M5, chukua hii wala usijutie. Ya tatu ni Celestron Nature DX, 8x42 pia, nayo imezibwa. Nimeishika ya jirani. Gurudumu lake lilikuwa zito kwangu, ila ndani safi.

Hapa nitawaonya hata juu ya kampuni niipendayo. Nikon Aculon A211 ina picha pana na nzuri, na bei yake hushawishi, lakini ni ya lile umbo la mabega na haikuzibwa. Mtu wa Nairobi anaweza kuitumia miaka. Mtu wa Likoni au Nyali, sivyo.

Wengi wananiuliza pia kuhusu darubini ya jicho moja, kwamba inaingia kwenye mkoba wa mkononi na haimzidi mtu uzito. Inafaa kusomea jina la meli inayoingia Kilindini. Kumfuata ndege mdogo kwenye mikoko nusu saa nzima huku umefumba jicho moja ni mateso, na nyingi zinazouzwa hapa hazikuzibwa. Na kuna wakati hauhitaji kifaa chochote: jioni za Novemba keremkerem wekundu wakirudi kulala kwenye mikoko, watazame kwa macho matupu, darubini itakuonyesha mmoja na kukunyima mia.

Za rahisi, hizi za chini ya elfu tano, sina mengi. Lenzi nyekundu zinarudisha mwanga mwekundu nje, kwa hiyo wewe unapata picha ya kijani. Hazikuzibwa. Weka pesa mpaka itimie.

Ninalotaka kulisema ni la wauzaji. Nilizunguka maduka matano kabla sijamwomba shemeji. Wawili hawakujua nitrojeni ni nini katika bidhaa wanayoiuza. Mmoja aliniambia, "Dada, hii ni orijino," na ilikuwa na jina la kampuni kubwa limebandikwa kwa stika iliyoanza kung'oka pembeni. Wa mtandaoni wanaweka picha nzuri bila bei, ukiuliza unaambiwa uje inbox, na huko inbox bei inategemea jinsi unavyoandika. Mimi na dada yangu tuliuliza duka moja, darubini moja, siku moja, tukapewa bei zilizopishana kwa elfu tisa. Kisha hakuna anayekubali kurudishiwa bidhaa masika ikishaingia, ilhali kasoro yenyewe haionekani mpaka masika iingie. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na wanajua.

Kwa hiyo ukienda, nenda na tochi. Mulika kwenye lenzi kubwa, chungulia upande wa pili, kisha geuza. Vumbi dogo si neno. Nyuzi, madoa yenye matawi, au wingu la maziwa, ondoka, hata kama ni mpya sandukuni. Bidhaa hukaa rafuni miaka bila kiyoyozi. Zungusha gurudumu uone kama vipande vya macho vinasogea. Omba risiti iliyoandikwa modeli kamili.

Ukishanunua, ule mkoba usihifadhie kitu. Ngozi na kitambaa hufuga unyevu. Mimi naiweka kwenye kopo la plastiki la kufunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, navibadilisha vikichoka. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi lenzi itashika ukungu kwa nje. Subiri dakika chache uondoke wenyewe. Ukungu ukiwa ndani, na unaujua kwa kuwa kitambaa hakiufikii, darubini hiyo imeshafunguka mahali, irudishe siku hiyohiyo na risiti yako. Na ukiwa upande wa Likoni tafadhali usiielekeze Mtongwe, kwenye kambi ya wanamaji. Elekeza baharini, vitwitwi wako wengi maji yakikupwa.