Mama akija Nakuru: Menengai au Crescent Island?
Kama magoti yanamsumbua, Menengai ni rahisi. Gari hufika hadi ukingoni mwa kreta, yaani shimo kubwa la volkano, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Anashuka tu na kutazama kreta yenye urefu wa kilomita 12 hivi toka upande hadi upande, lava nyeusi na mvuke wa visima vya jotoardhi. Mbebee sweta, upepo wa huko hauna adabu. Ila nusu saa, mmemaliza.

Crescent Island, Ziwa Naivasha, ni ukingo wa kreta iliyozama. Wengi huvuka kwa mashua, na gharama si haba. Lakini mnatembea kwa miguu kati ya twiga na pundamilia, bila simba. Wa kuchunga ni viboko, kwa hiyo msisogelee majani ya kando ya maji. Wangu ningempeleka huko, asubuhi.