Inua Jamii ya wazee: vile nimeiona kwa kukhu wangu

Naandika kwa niaba ya kukhu, mamake mama, ako huku Mumias. Yeye hupata pesa ya Inua Jamii, ile serikali ya Kenya hupea wazee wa miaka 70 na zaidi, na mimi ndio humpeleka kuchukua kila ikiingia.

Ni 2,000 kwa mwezi, mara nyingi huingia ya miezi miwili pamoja, 4,000. Kuna watu husema ni kidogo na ni ukweli, hiyo 2,000 imekaa palepale miaka mingi na unga haijakaa palepale, inafaa iongezwe. Lakini mimi hukaa na kukhu siku ya pesa. Kwanza anatoa za dawa ya presha, alafu gorogoro kadhaa za mahindi tupeleke posho mill, sabuni, majani, alafu mia moja anafunga kwa kona ya leso, hiyo ni ya sadaka. Zamani alikua anangoja mjomba atume kutoka Nairobi na mjomba akikosa kibarua kukhu analala na chai ya rangi na hasemi. Saa hii jirani akifiwa na yeye anatoa mchango wake kama watu wengine, jina lake linasomwa, na hiyo kwake inapita hata chakula.

Pale inauma ni vidole. Kukhu amelima miwa na kupalilia mashamba ya watu tangu akiwa msichana, alama za vidole zimeisha kabisa. Kuna ejenti mmoja wa benki tulienda mashine ikakataa kidole cha kwanza, cha pili, mpaka vyote kumi, akatuambia rudini kesho, hata kiti hakumpea. Tulirudi, ikakataa tena, na boda kwenda na kurudi ni 300. Siku ya tatu tukaenda kwa mwingine, kijana tu, akasema kukhu keti kwanza, akamwosha vidole na maji ya vuguvugu, akapanguza, akapaka mafuta kidogo, akaweka gumba polepole na ikasoma. Mimi sitasahau huyo kijana.

Kama uko na mzee kwa boma, andikisha mlezi, yaani mtu wa kumchukulia pesa, wakati mzee bado anatembea. Sisi tulichelewa. Na usidhani akifika 70 jina linaingia lenyewe, lazima aandikishwe na usajili haufanyiki kila siku, so mwambie liguru, yule mzee wa kijiji, akuambie mapema kukiwa na baraza kwa chifu. Kujiandikisha ni bure, mtu akiitisha kitu kidogo kataa. Kama mzee anapata pensheni hii haimhusu.

Alafu angalia kipande chake, yaani kitambulisho, saa hii. Wazee wengi waliandikiwa mwaka wa kukisia. Rafiki ya kukhu waliolewa mwaka mmoja, wamezeeka pamoja, lakini kipande kinasema ako 66, kwa hivyo hapati kitu.

Naipa nyota 4 kwa 5. Ile moja nimetoa ni ya huyo rafiki ya kukhu. Siku ya pesa tukitoka posho mill kukhu hunituma nipitie kwake na gorogoro moja ya unga kabla hata hatujafika nyumbani.