Kutafuta jina la askari wa Keya (King's African Rifles) kwenye hifadhi ya CWGC: inachotoa na inachokosa

Kwa familia ya Uganda inayotaka kujua jajja (babu) aliyekwenda vitani na asirudi alizikwa wapi, mahali pa kuanzia ni tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC. Kutafuta ni bure na hakuna haja ya kujisajili. Hifadhi ina majina ya watu wapatao milioni 1.7 wa vita vyote viwili vya dunia. Kwa vita vya 1939–45 huduma hii ni nzuri sana, mradi ujue kuitumia. Kwa vita vya 1914–18, hasa kwa wapagazi, ina pengo kubwa ambalo hakuna ustadi wa kutafuta utakaoliziba.

Kwanza hakikisha unayemtafuta anaweza kuwemo. Waliomo ni waliokufa tu, kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Mzee aliyerudi na kufia kijijini mwaka 1962 hayumo, hata kama alipigana Burma (Myanmar ya leo) miaka miwili. Aliyeugua akiwa bado kazini akafia hospitali ya jeshi huku nyumbani yumo, na huenda kaburi lake liko makaburi ya vita ya Jinja.

Kinachowashinda wengi ni jina. Makarani waliandika walichosikia, na tahajia sanifu ya Kiganda ilikubaliwa mwaka 1947, vita vikiwa vimekwisha. Kwa hiyo Ssemakula mtafute pia kama Semakula, Kizza kama Kiza, Kyeyune kama Cheyune. L na R zinabadilishana kila mara: Walusimbi anaweza kuwa Warusimbi. Kwa Waacholi na Walango, Ocen jaribu Ochen, na Okec jaribu Okech. Majina ya dini yana vurugu yake. Asumani wa nyumbani anaweza kuwa Athumani au Othman kwenye daftari, Bulaimu akawa Ibrahim, Yokana akawa John. Njia inayookoa muda ni kuandika herufi tatu au nne za mwanzo bila kudai ulinganifu kamili, kisha kupunguza matokeo kwa vita, mwaka na kikosi. Na kwa kuwa askari wengi waliandikishwa kwa jina moja, au jina la baba likawekwa mahali pa jina la ukoo, rudia utafutaji huku umeyageuza majina.

Kosa la pili ni kikosi. Nyumbani kila aliyevaa sare ya Mwingereza huitwa "askari wa Keya", lakini Keya, yaani King's African Rifles, kilikuwa kikosi kimoja tu kati ya vingi. Waganda wapatao 77,000 walitumika katika vita vya pili. Dereva wa lori huenda alikuwa East African Army Service Corps, mchimba barabara akawa African Pioneer Corps, na mhudumu wa wagonjwa akawa East African Army Medical Corps. Ukichagua King's African Rifles peke yake, hao wote hutawaona. Acha sehemu ya kikosi wazi mara ya kwanza.

Sehemu yenye thamani kuliko zote, na ambayo watu hawaigusi, ni ile ya maelezo ya ziada. Humo ndimo walimoandika "mtoto wa fulani, wa mahali fulani". Inatafutika. Andika jina la wilaya, lakini wilaya ya wakati ule: aliyetoka Kanungu, Kisoro au Rukungiri atakuwa amewekwa Kigezi, wa Nebbi atakuwa West Nile. Jaribu pia Mengo, Ankole, Toro na Bunyoro. Si kila askari aliandikiwa maelezo haya, na wengi wa Afrika Mashariki sehemu hiyo iko tupu.

Ukimpata, usiishie kwenye ukurasa wake. Chini yake mara nyingi kuna picha za karatasi za asili: fomu za usajili wa kaburi na orodha za mawe ya makaburi. Zifungue uzisome neno kwa neno, maana aliyechapa majina kwenye kompyuta naye alikosea hapa na pale, na namba ya askari iliyo kwenye karatasi ndiyo utakayohitaji ukiandika barua popote. Unaweza pia kuchapisha cheti cha kumbukumbu chenye jina lake.

Mahali alipokumbukwa huwashangaza watu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi mto Chindwin, na wasiojulikana walikozikwa majina yao yako kwenye mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan nchini Myanmar, pamoja na wengine wapatao 27,000. Lakini kuna Waafrika Mashariki waliozikwa Maynamati, Bangladesh, kwa sababu majeruhi walipelekwa hospitali za huko. Kama familia inakumbuka tu kwamba "meli ilizama", weka tarehe 12 Februari 1944. Siku hiyo meli ya Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, na wengi waliokufa walikuwa wapiga mizinga wetu wa Afrika Mashariki. Hao wanakumbukwa Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, safari ya basi la usiku mmoja kutoka Kampala.

Nishani iliyobaki sandukuni inasaidia kiasi. Zile za 1914–18 zilipigwa jina na namba ukingoni, zisome kwa kioo cha kukuzia. Za 1939–45 Waingereza walizitoa bila jina, kwa hiyo utepe ndio unaozungumza: bluu iliyokoza, mstari mwekundu katikati na miwili ya rangi ya chungwa ni nyota ya Burma.

Sasa pengo. Wapagazi wa vita vya kwanza, wakiwemo wa kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carbel, waliotolewa Uganda kubeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji lililoteka Tabora Septemba 1916, karibu wote hawamo. Sababu si moto wala mafuriko. Watawala wa wakati ule waliamua kwamba kwa Mwafrika mnara mmoja wa jumla unatosha, jiwe lenye jina la nini. Tume yenyewe ilikiri hayo katika ripoti ya Aprili 2021 na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mnara wa Nairobi wenye sanamu ya mpagazi unaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wana wako watalikumbuka jina lako. Hauna jina hata moja. Basi ukitafuta mpagazi ukapata ukurasa mtupu, usidhani jajja alidanganya au familia imechanganya habari.

Kasoro nyingine: maelezo yote ni ya Kiingereza. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri ya askari hawa, na wajukuu wao wanastahili kutafuta kwa lugha hiyo.

Kama una ushahidi wa mtu aliyesahaulika, au jina lililokosewa, tumia fomu ya maulizo iliyo kwenye tovuti. Simulizi peke yake haitoshi. Ambatanisha picha safi ya kila karatasi uliyo nayo: barua ya serikali ya kutoa habari ya kifo, kitabu cha malipo, rekodi ya kanisa au msikiti, nishani pande zote mbili na ukingoni. Kwa aliyekufa baada ya kuachishwa jeshi lakini kabla ya mwisho wa 1947, toa uthibitisho kwamba ugonjwa au jeraha lilitokana na utumishi. Andika namba ya askari mwanzoni kabisa mwa maelezo yako, kabla hata ya jina lake.