Delegeti za C#: maoni yangu baada ya kusoma kurasa za Microsoft Learn

Kama unajifunza C# (lugha ya kuandikia programu) na umekwama kwenye delegeti (kitu kinachobeba methodi, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi fulani, ili iitwe baadaye), usikate tamaa kabla hujapitia hizi kurasa za Microsoft Learn, tovuti ya mafunzo ya Microsoft. Mimi nilikwama muda mrefu sana. Nilinunua kozi moja ya video (jina silitaji), mwalimu anasema delegeti ni pointa ya methodi (pointa ni kitu kinachoonyesha kitu kingine kilipo kwenye memori) halafu anapita, sasa pointa zenyewe sijawahi kuzigusa ntaelewaje? Ndo nikahamia Microsoft Learn, ni bure na kusoma tu hauhitaji akaunti, nikazimaliza kwa wiki mbili, usiku usiku baada ya kazi.

Kilichonifungua macho ni mfano wa kupanga orodha ya maneno. Sort, methodi ya kupanga orodha, inajua kupanga ila haijui wewe unataka ipange kwa kigezo gani, kwa hiyo unaandika kamethodi ka kulinganisha urefu wa maneno mawili alafu unaipa Sort jina lake tu, bila mabano. Hapo kwenye mabano ndo nilikuwa napotea siku zote: ukiyaweka unaiita methodi ifanye kazi sasa hivi, usipoyaweka unamkabidhi mwenzio aje aiite mwenyewe wakati wake ukifika. Delegeti yenyewe ndo inasema methodi ya aina gani inakubalika, inapokea nini na inarudisha nini, ukileta isiyofanana kompaila (inayogeuza ulichoandika kuwa programu) inakataa kabla programu haijawaka.

Mazoezi nilijitungia, kaprogramu ka duka la mama mdogo: malipo yakiingia risiti itoke, mzigo upungue kwenye hesabu ya stoo, na meseji iende kwa mwenye duka. Methodi tatu, zote unaziunga kwa += kwenye delegeti moja, malipo yakiingia zinaitwa kwa mpangilio uleule. Kwenye ile ya meseji nikaandika = badala ya +=, zile mbili za mwanzo zikafutika, meseji zinaenda vizuri kabisa ila risiti haitoki na mzigo haupungui, siku mbili natafuta kosa! Dawa yake ni neno event, ukiliweka, kodi ya nje ya klasi (fungu la kodi delegeti ilimo) inaruhusiwa += na -= tu, kufuta za wengine haiwezi. Na kama hakuna methodi hata moja iliyoungwa, kuita moja kwa moja kunaangusha programu, tumia ?.Invoke, inaita pale tu kama kuna iliyoungwa.

Kitu kingine kinachochanganya sana wanaoanza ni kwamba mtandaoni utakuta jambo moja limeandikwa kwa sura tatu. Delegeti zipo tangu C# ya kwanza 2002, methodi zisizo na jina zikaja na C# 2.0 mwaka 2005, lamda (methodi fupi unayoandika papo hapo kwa alama =>) zikaja na C# 3.0 mwaka 2007, kwa hiyo makala ya zamani na ya juzi unaona kama lugha mbili tofauti. We shika lamda na hizi delegeti mbili zilizo tayari, Action ambayo hairudishi kitu na Func ambayo inarudisha, kila moja inabeba hadi paramita 16 (vitu methodi inavyopokea), delegeti za kutunga mwenyewe utazihitaji mara chache.

Nawapa nyota 5 kwa mtu aliyeshashika methodi na paramita. Kama bado, anza na hizo kwanza, wiki moja inatosha, alafu fungua ukurasa wa Sort.