Taa ya tangi la mimea: naipenda, ila taima yake inasahau

Ndugu zangu wa samaki na mimea, karibuni tena. Leo sina utangulizi mrefu. Hii hapa mkononi ndiyo taa niliyowasifia miezi miwili iliyopita, mkaniuliza nimeinunua wapi, na wengine mkaenda kuinunua kwa sababu yangu. Ndiyo maana nairudia. Kuna kitu kimoja sikukiona wakati ule, na kimenikera kweli kweli. Jina la kampuni nimelibandika plasta, sitalitaja, kwa sababu taa za aina hii zimejaa madukani kwa majina kumi tofauti. Kaeni nami hadi mwisho, dawa yake nimeipata, na bei yake haifiki robo ya bei ya taa.

Kuhusu tangi lenyewe sirudii mengi. Ni lile lile, sentimita 60 kwa 30 kwa 36, kioo cha milimita 6, fundi wa vioo alinikatia na kuniunganishia kwa silikoni. Chini kuna udongo wa shambani usiotiwa mbolea, kimo cha vidole viwili, na juu yake mchanga wa mto niliouchekecha na kuuosha mpaka maji yakawa meupe. Wa mto, jamani, si wa ufukweni. Ule wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe na matumbawe, unayafanya maji kuwa magumu na mimea mingi inadumaa. Haya yote yako kwenye video ya kwanza, pamoja na wiki nne za kusubiri bakteria wanaosafisha maji waote kwenye sponji ya chujio kabla sijatia samaki.

Na wati ngapi, lumeni ngapi, mtasoma wenyewe kwenye boksi. Mwanga wake ni mzuri, na neno langu la mwanzo silibadilishi. Sogeeni hapa, nasogeza kamera. Mnaliona hili jani la vallisneria, refu kama utepe? Angalieni ukingoni. Kuna kiputo kimeshika pale, kidogo kama kichwa cha pini. Kinakua. Kinakua... kimeachia, hicho kinapanda. Hiyo ni oksijeni. Jani linapata mwanga, linachukua hewa ya ukaa, linatoa oksijeni, na maji yakishashiba, oksijeni haiyeyuki tena, inabaki juu ya jani kama lulu. Sina mtungi wa hewa ya ukaa hapa. Ni udongo, mimea na taa hii tu, na bado saa kumi jioni naziona lulu. Kwa shilingi 65,000 taa ikafanya hivi, mimi naiheshimu.

Sasa njooni kwenye kero.

Taa ina vitufe vitatu. Cha kwanza rangi, cha pili ukali wa mwanga, cha tatu taima, yaani taa iwake kwa muda gani: saa 6, saa 10 au saa 12. Karatasi yake inasema ukibonyeza mara moja, taa itawaka muda ule ule kila siku. Mimi nilibonyeza saa nane mchana, nikachagua saa 6, ukali nusu. Siku ya kwanza ikazima saa mbili usiku. Siku ya pili ikawaka yenyewe saa nane. Nikafurahi, nikawarekodia ile video ya sifa, nikasahau kabisa kwamba kuna taima.

Aliyeona tatizo ni mama yangu. Anaamka kuswali, akaniambia, "Mwanangu, taa ya samaki wako alfajiri inafanya nini?" Nikamjibu labda niligusa kitufe. Kumbe umeme ulikuwa umekatika usiku, ukarudi saa kumi na moja alfajiri, na taa ikaamka na umeme. Mimi natoka kwenda kazini mapema bila hata kuwasha taa ya sebuleni, sipiti upande wa tangi. Nikirudi saa kumi na mbili jioni, nakuta inawaka, nasema safi, taima inafanya kazi. Hizo ni saa 13, ndugu zangu! Na si siku moja. Kila umeme ukikatika, au LUKU ikiisha, hadithi ni ile ile.

Tufanye jaribio mbele yenu, msije mkasema nasingizia. Nabonyeza taima, saa 6. Mnaona kitaa cha kijani hapa kwenye swichi? Maana yake imekariri. Napunguza ukali, nusu. Sasa nachomoa kwenye soketi. Moja, mbili, tatu. Nachomeka. Mmeona? Imewaka yote, ukali wote, rangi zote, na kile kitaa cha kijani hakipo. Sekunde tatu tu. Narudia kwa muda mfupi zaidi, nachomoa na kuchomeka papo hapo. Haya... kitaa hakipo. Haina betri hata ile ndogo ya saa ya mkononi ya kutunza kumbukumbu. Nimefungua kifuniko cha swichi nikakiangalia kile kibao chake cha saketi, hakuna hata nafasi ya kuiweka. Kwa mtu anayeishi mahali umeme haukatiki miezi sita, taima hii ni sawa. Kwetu sisi, kuandika "kila siku" kwenye boksi ni kutudanganya.

Madhara yake ni haya. Nimehifadhi picha, naziweka upande huu wa kioo chenu. Kioo cha mbele kimetanda kijani kama kimepakwa rangi, na majani ya anubias yameota nywele. Anubias ni mmea wetu wa Afrika, wa mito ya misitu ya Kamerun na majirani zake, umezoea kivuli na unakua taratibu mno. Jani moja unaweza kulisubiri wiki kadhaa. Sasa jani lisilokua haraka ukilimulika saa 13, mwani unalipanda. Mimea inapomaliza hewa ya ukaa iliyomo majini, inapunguza kazi, lakini taa bado inawaka na chakula bado kipo majini. Mwani hauhitaji mengi, unaendelea. Ndiyo maana kwa tangi changa tunasema saa 6, ukizidi sana 8. Nimeyakata majani manane. Manane, ya mmea niliousubiri miezi!

Kabla sijasahau, hii naiona kila wiki kwenye maoni: ukipanda anubias, usifukie lile shina lake nene linalolala. Litaoza. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo, mizizi itajishikilia yenyewe. Na yule kaka wa Arusha aliyeuliza kuhusu hita: mimi Dar es Salaam maji yangu yanacheza nyuzi 28 hadi 30, hita iliyokuja na taa sijaitoa hata kwenye mfuko. Wewe kwa baridi ya Juni na Julai huko, samaki wa maji ya joto utawahitajia hita. Na wale mnaotaka niweke mbuna wa Ziwa Nyasa humu ndani, hapana. Ni samaki wazuri sana, ila wanachimba mchanga na kudonoa majani, ndani ya wiki nitabaki na mawe.

Turudi. Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza ni hii, kile kiboksi cha betri cha kuwashia ruta umeme ukikatika. Taa ni volti 12, kiboksi kina tundu la volti 12, plagi imeingia sawasawa. Na kweli, umeme ukakatika, taa ikabaki na kumbukumbu yake. Ila inakula betri. Kwangu ilidumu saa mbili na dakika chache, halafu ikazima, na umeme uliporudi tukawa pale pale. Mtu ambaye umeme wa kwake unakatika kwa nusu saa, njia hii inamfaa. Mimi haikunitosha.

Ya pili ndiyo hii, na ndiyo nataka muione kwa karibu. Taima ya soketi ya kuzungusha, ya zamani kabisa, shilingi 15,000 Kariakoo. Haina skrini wala programu ya simu. Pembeni ina meno 96 yanayozunguka duara, kila jino ni dakika 15. Unabonyeza chini meno ya muda unaotaka umeme upite. Saa 6 ni meno 24. Sikilizeni... mnasikia huo mlio mdogo? Ni mota yake inazungusha duara. Umeme ukikatika, duara linasimama. Umeme ukirudi, linaendelea pale lilipoishia. Umeme ukikosekana saa tatu, taa yangu itachelewa saa tatu, lakini muda wa kuwaka utabaki saa 6. Kawia ufike. Mara moja kwa wiki nageuza duara kwa kidole, narudisha majira yake, basi.

Na hapa ndipo hasira zangu kwa taa zilipopungua. Ile tabia ya kuamka na kuwaka kila inapopata umeme, ndiyo inayoiwezesha kutumia taima ya soketi. Nina taa nyingine ya kitufe cha kugusa, yenyewe ukiikatia umeme ukaurudisha inabaki imezima mpaka uiguse kwa kidole. Ile haisaidiki kwa njia hii. Kwa hiyo kama taa yako ni kama yangu, usiguse taima yake tena, iache iwake moja kwa moja, soketi ndiyo iamue.

Kasoro moja imebaki. Ikiamka inaamka na ukali wote, ile nusu niliyoitaka siipati. Nimeiinua kwa vipande vya mbao, na juu ya maji nimeweka mimea inayoelea ifunike kama theluthi moja. Lakini nawaombeni sana, mimea hii ikizidi msiitupe mtoni wala kwenye mtaro. Wenzetu wa Ziwa Victoria wanayajua magugu maji, yameziba njia za mitumbwi miaka mingi. Ya kwangu naianika juani mpaka ikauke kabisa, ndipo naizika bustanini.

Mtaniuliza kwa nini nisinunue taa ya Chihiros, ile unayoiendesha kwa simu kupitia Bluetooth. Nimeishika kwa rafiki yangu, mwanga wake umeipita hii kwa mbali, sibishi. Ila kwa bei yake pamoja na usafirishaji, mimi najenga tangi la pili na mimea yake. Mwenye uwezo anunue. Anayeanza, achukue hii ya 65,000, aongeze soketi ya 15,000, jumla 80,000.

Habari za chaneli: nikijaliwa, masika nakwenda Unguja kurekodi Nothobranchius guentheri. Ni samaki mdogo mwenye mkia mwekundu, asili yake ni Unguja. Anaishi kwenye vidimbwi vya mvua, kidimbwi kikikauka anakufa, mayai yanabaki kwenye tope yakisubiri mvua nyingine. Sitamvua hata mmoja, nitarekodi tu. Bonyezeni kengele msikose.

Sasa ni saa mbili kasoro dakika moja. Kamera naiacha hapa. Jino la mwisho liko pale kwenye mshale, mnaliona? Linasogea... linasogea... Tak! Imezima. Tazameni samaki wangu, hawa gapi, wanavyoshuka kwenye vallisneria kutafuta pa kulala. Jana wamelala saa hii hii, na juzi. Usiku mwema, tuonane Jumamosi.